Ng'ambo Mbili: Taito Iko Maskati, Nyumba Iko Kisauni

Kwa mtu wa kisiwani Mombasa, ng'ambo haianzii Ulaya. Huanzia pale feri inapoteremsha mlango wake Likoni, au baada ya daraja la Nyali, ukiiacha Kongowea nyuma na kushika njia ya Kisauni. Neno hilo hilo ndilo linalomchukua aliyekwenda Maskati, Leicester au Toronto: naye yuko ng'ambo. Wenyeji hawapotei, maana sauti ya msemaji huwaambia ni ng'ambo ipi inayotajwa. Lakini ikija habari ya ardhi, ng'ambo hizo mbili zimefungwa pingu moja. Kiwanja kiko ng'ambo ya karibu, mwenyewe yuko ng'ambo ya mbali, na juu ya kiwanja imesimama nyumba ya mtu wa tatu.

Nenda uwanja wa ndege wa Moi, kule Port Reitz, Changamwe, mwezi wa Disemba. Abiria wakishateremka hugawanywa: wenye pasipoti ya Kenya huku, wageni kule. Tega sikio kwenye foleni ya wageni. Kati ya watalii wenye kofia za pama utasikia Kimvita cha kwao hasa, cha mtu aliyelelewa Mlaleo au Mtongwe, ambaye ili aingie mji aliozaliwa ameomba idhini ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024. Kwa karatasi zake huyu ni mgeni. Kwa vitendo ana mashangazi Likoni, ana makaburi ya wazee wake, na pengine ana ploti.

Mtu huyo ana maoni, na huyatoa kabla begi lake halijafika. Siasa za nyumbani zimeoza. Mahakama hazimalizi kesi. Mali yake inaliwa na watu asiowajua, na mlaji mkubwa mara nyingi ni yule ndugu aliyeachiwa aiangalie. Mengi katika hayo ni kweli. Anachokiruka ni kwamba sheria ya Kenya ilikwisha kumfikiria yeye hasa, na jibu lake limeandikwa waziwazi tangu 2010. Limeandikwa kwa kipimo ambacho babu yake asingekifahamu, yaani pasipoti.

Twende nyuma kidogo. Kila ploti ya huku ina herufi zake kwenye hati: MN ni Bara Kaskazini, MS ni Bara Kusini. Kisauni ni MN, Likoni ni MS, na Changamwe, iliyoko magharibi ya kisiwa, ikatiwa upande wa MN. Nyingi za hati hizo chimbuko lake ni Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908, iliyomtaka kila mwenye dai katika ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar alipeleke mbele ya msajili wa Kiingereza. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai katika muda uliowekwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Aliyekuwa na hati ya mauzo, mashahidi na mtu wa kumsemea ofisini alitoka na cheti. Wamijikenda waliokuwa wakilima na kuzikana kwenye mashamba hayo hayo, wengi wao walitoka mikono mitupu, kwa sababu ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na sheria ilimtafuta mtu mmoja mmoja.

Ndivyo neno skwota lilivyozaliwa Pwani: si kwa mtu kuhamia mahali, bali kwa karatasi kumkuta mahali alipo.

Uhuru ulipokaribia, wenye vyeti walishikwa na hofu. Baadhi yao waliunga mkono Mwambao, hoja ya kwamba ukanda wa maili kumi ujitenge na Kenya au ubaki chini ya Sultani. Tume ya James Robertson ya 1961 haikukubali. Tarehe 8 Oktoba 1963 mkataba ukatiwa saini London na Mwambao ukaingizwa Kenya. Siku chache kabla, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikuwa wamebadilishana barua. Humo Kenya iliahidi kulinda dini na mahakama za kadhi, na kuendelea kuzitambua hatimiliki zilizokwisha kusajiliwa Pwani. Mahakama za kadhi zimo ndani ya Katiba hadi leo, kwenye Kifungu cha 170. Ahadi ya hatimiliki ilipita njia ndefu zaidi.

Sultani mwenyewe, Jamshid bin Abdullah, hakupata nafasi ya kuifuata. Mapinduzi ya Zanzibar yalimkuta Januari 12, 1964. Akapanda meli yake kuja Mombasa, na serikali ya Kenya ikamkatalia kuteremka, katika bandari ambayo mwezi mmoja tu nyuma ilikuwa bado chini ya bendera yake. Alipitia Dar es Salaam, akaishia Portsmouth, Uingereza, na kuishi huko zaidi ya miaka 50. Oman ilimruhusu kuhamia 2020, akafariki Maskati mwishoni mwa 2024. Ukitaka kumwona mtu wa Mwambao aliyepoteza siasa, sheria na mali kwa mpigo mmoja, huyo ndiye wa kwanza.

Familia nyingi za Pwani na Zanzibar zilimfuata kwa njia zao. Sultan Qaboos alipochukua nchi Julai 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika warudi kuijenga, na Afrika Mashariki ikatoa waalimu, wahandisi na makarani. Ndiyo maana Kiswahili husemwa mpaka leo katika mitaa ya Maskati. Waliopokea uraia wa huko, au wa Uingereza, au wa Canada, walikatwa uraia wa Kenya papo hapo, kwa sababu katiba ya zamani haikumruhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili. Wengi hawakujali. Kiwanja cha Kisauni kilikuwa palepale, na hati ilikuwa kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, Ruwi, Maskati.

Kisha ikaja Agosti 27, 2010.

Kifungu cha 65 cha Katiba mpya kinasema asiye raia ataimiliki ardhi Kenya kwa kukodishwa tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Na wale waliokuwa na ardhi ya milele? Jedwali la Sita likawajibu: siku ile ile ardhi hiyo inarudi kwa Jamhuri, na Serikali itampa aliyekuwa mwenyewe ukodishaji wa miaka 99, kwa kodi ambayo Waingereza huiita ya punje ya pilipili manga. Ni usemi wa kisheria: malipo ya jina tu, ili mkataba usiwe wa bure. Lakini kwa pwani iliyofanya biashara ya pilipili na Malabar kabla Waingereza hawajajua njia ya kuja huku, usemi huo unachekesha kidogo na kuuma kidogo.

Wengi hudhani kifungu hicho kilimlenga Mzungu mwenye jumba la ufukweni Nyali au Shanzu. Kilimpata, ni kweli. Kilimpata pia mjukuu wa mtu aliyepewa cheti chini ya sheria ya 1908, akiwa ni raia wa Oman. Huyo leo, kwa sheria, ni mpangaji wa Jamhuri katika shamba la babu yake, na mkataba wake unakwisha 2109.

Kuna mlango wa nyuma. Aliyezaliwa Mkenya akapoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine anaweza kuuomba upya chini ya Kifungu cha 14, na tangu 2010 Mkenya wa kuzaliwa hapotezi tena uraia kwa kuchukua wa pili. Binamu aliyeko Leicester hujaza fomu, akarudi kuwa Mkenya bila kuacha kuwa Mwingereza, na kizuizi cha Kifungu cha 65 hakimhusu tena. Atahitajika tu kuitangazia serikali uraia wake wa pili ndani ya miezi mitatu. Asipofanya hivyo ni kosa, na faini yake inafika hadi Sh5 milioni. Binamu aliyeko Maskati hana raha hiyo, kwani Oman haikubali uraia pacha ila kwa idhini maalumu. Ndugu wawili wa damu, ploti moja ya MN: mmoja anaruhusiwa milele, mwingine ana hesabu ya miaka.

Wakikutana harusini hubishana. Wa Leicester hulalamika kwamba Uingereza ilimwachia kununua nyumba bila kumuuliza pasipoti, kwa nini Kenya iwe na ubahili? Wa Maskati huinua mabega. Anapoishi, mgeni hakuruhusiwa kumiliki nyumba mpaka 2006, na hata hapo ni ndani ya miradi ya kitalii iliyotengwa. Dubai ilifungua maeneo yake 2002. Zanzibar ardhi yote ni ya umma tangu Mapinduzi, na Tanzania Bara mgeni hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Ukiyapanga hayo pamoja, Kenya si bahili hata kidogo. Imemkuta tu mtu aliyedhani yeye si mgeni.

Hayo ndiyo ya vitabuni. Kisauni kwenyewe mambo yamekaa kwa namna nyingine, na msomaji asiye wa Mombasa itabidi aelezwe nyumba bila ardhi.

Mwenye shamba hukupa kiwanja. Unajenga nyumba yako ya Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Kila mwezi unalipa kodi ya kiwanja na kupewa risiti. Nyumba ni yako: unaipangisha chumba kwa chumba, unaiuza, watoto wako wanairithi. Ardhi si yako. Mawakili wa Mombasa huandika mauzo ya nyumba bila ardhi kama vile Nairobi wanavyoandika mauzo ya gari, na mahakama zimekwisha kuujadili utaratibu huu kama jambo la Pwani hasa, ambalo sheria kuu za ardhi hazikulibuni. Zamani nyumba zilikuwa za miti, udongo na makuti, na wenye viwanja wengi walikataza kujenga kwa mawe, ili siku mwenye ardhi akitaka chake mtu aweze kubomoa akaondoka. Leo mtaa mzima wa Barsheba au Mishomoroni umesimama kwa matofali na nondo. Ghorofa haibebeki kichwani.

Sasa tia humo mtu aliyeondoka 1974. Aliyekuwa akimkusanyia kodi alifariki. Risiti zikakoma. Mpangaji akaendelea kukaa, akaongeza chumba, akachimba kisima, akamzaa mtoto na mtoto akamzaa mtoto. Sheria ya Kenya ya ukomo wa madai inasema mwenye ardhi akinyamaza miaka 12 huku mtu mwingine akiikalia waziwazi, bila nguvu na bila ruhusa yake, haki ya kumtoa hufa, na aliyekaa anaweza kwenda kortini kuomba atangazwe mwenyewe. Hapo penye neno ruhusa ndipo mawakili wanapopata chai. Mwenye risiti ana ruhusa, kwa hiyo hana dai. Asiye na risiti, aliyevamia tu, anaweza kuwa nalo. Miaka 50 ya kulipa kodi kwa uaminifu haimnunulii mpangaji hata hatua moja ya mchanga, na jirani yake ambaye hakulipa senti anaweza kuishia na taito. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna kifungu kinachowafunza watu uhuni kwa upole kama hicho.

Mwenye ardhi akitaka kuuza nako kuna shughuli. Cheti kina jina la marehemu babu. Babu aliacha wake wawili na watoto tisa. Watano wamekufa, na kila mmoja ameacha warithi wake. Mafakihi wana jina la hali hiyo, munasakha: mirathi iliyorundikana juu ya mirathi kabla ya kugawanywa. Faili likifika kwa kadhi, mafungu yamekuwa sehemu za elfu, na wenye mafungu wako Maskati, Dubai, London na Majengo. Kila mmoja akubali. Aliyeko mbali hutuma hati ya uwakilishi iliyothibitishwa huko aliko, nayo lazima isajiliwe Kenya ndipo itumike kwa ardhi. Na kuna jambo madalali hupenda kulisahau: hati hiyo hufa siku anapokufa aliyeitoa. Mnunuzi wa ng'ambo, awe kijana anayetuma mshahara wake kutoka Doha ili dada amnunulie ploti Utange, asiridhike na picha ya taito kwenye simu. Afanyiwe sachi kwa msajili wa ardhi, aone jina, kisha amtume mtu akaone ni nani aliyelala juu ya kiwanja hicho. Ardhi inaweza kuwa safi kwenye karatasi na kuwa na madirisha 40 yanayowaka taa usiku.

Mtu hahitaji pasipoti ya nje kuwa mgeni huku. Uliza Likoni habari za shamba la Waitiki. Evanson Waitiki, raia wa Kenya, alikuwa na hatimiliki ya ekari 930. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, zilizoanza kwa kituo cha polisi kuvamiwa na ambazo ziliwalenga watu wa kutoka bara, alifukuzwa, na shamba likajaa maelfu ya watu. Alikwenda mahakamani na hakurudishiwa matumizi ya ardhi yake. Mwishowe serikali ililinunua kwa Sh1.1 bilioni, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja kugawa hati kwa waliokuwamo. Likoni ilisherehekea. Ukimwuliza aliyeko ng'ambo, hadithi hiyo ina sura mbili: kwamba mtu anaweza kuishi karibu miaka 20 bila mali yake ilhali sheria yote iko upande wake, na kwamba serikali ikitaka, fedha hupatikana. Wenye ploti za Kisauni walioko Ghuba waliisikia sehemu ya pili vizuri zaidi. Wako wanaosubiri kununuliwa vivyo hivyo.

Wageni wa Kizungu nao wana historia yao ng'ambo hii, nayo ni ya zamani kuliko hoteli. Mwaka 1875 wamisheni wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walianzisha Freretown, upande wa Kisauni, makazi ya watumwa waliokombolewa baharini. Mahali palipotundikwa kengele yao bado panaitwa Kengeleni na kila dereva wa matatu. Nchi ilikuwa ya Sultani, lakini Mwingereza alijibu kwa balozi wake Zanzibar, si kwa Liwali wa Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa makazi hayo aliondoka baada ya malalamiko ya viboko na vifungo kuchunguzwa na watu wa kwao. Mgeni mwenye ardhi katika nchi asiyokubali imhukumu: hiyo ndiyo picha ambayo Kifungu cha 65, miaka 130 baadaye, bado kinaipiga jicho.

Mgeni wa leo wa Bamburi hana balozi wa namna hiyo. Akitaka kiwanja cha mstari wa kwanza au wa pili kutoka baharini, sheria inataka idhini ya waziri. Ile hila ya zamani ya kuanzisha kampuni na kumtia Mkenya mmoja ndani imezibwa, kwani kampuni huhesabiwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia kwa ukamilifu. Imebaki njia ya kuandikisha nyumba kwa jina la mke au mume Mkenya, na siku mapenzi yanapovunjika huwa ni siku ya somo refu la sheria. Na wako waliokaa bila kuuliza taito. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alikuwa mwajiriwa tu wa kiwanda cha saruji cha Bamburi alipoanza 1971 kupanda miti kwenye machimbo yaliyokwisha kutafunwa. Alijaribu aina 26, zikashika chache, mvinje ukiwa mbele, na jongoo wakamsaidia kugeuza majani yake kuwa udongo. Msitu huo watoto wa Kisauni huuendea safari za shule.

Turudi kwa malalamiko ya siasa, ingawa hayahitaji maneno mengi. Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Waliosajiliwa kupiga kura wakiwa nje katika uchaguzi wa 2022 walizidi kidogo 10,000. Vituo vilikuwa katika nchi 12, Qatar na Milki za Kiarabu zikiwamo; Saudi Arabia na Oman, ambako wasichana wa Likoni na Changamwe wamejaa majumbani mwa watu, hazikuwamo. Na hata mwenye kituo humchagua Rais tu. Mbunge wa Kisauni, gavana na diwani, ambao ndio wanaokutana na habari ya kiwanja chake kila wiki, hawamhusu. Akitaka kurudi kugombea yeye mwenyewe, Kifungu cha 78 kitamwambia aache uraia wa pili kabla ya kushika kiti. Mwanasiasa wa Pwani anayajua hayo yote vizuri: aliye kwenye kiwanja anapiga kura, mwenye kiwanja hapigi. Usishangae basi kwamba kila uchaguzi ukikaribia ahadi huwa ni ya taito kwa skwota, na ni shida kupata jukwaa Kisauni ambapo mgombea husimama kumtetea mwenye shamba asiyekuwapo.

Siku hizi wengine wamejifunza. Mjukuu aliyeko Maskati hamtumi tena mzee mwenye daftari la risiti kuzunguka Mwandoni nyumba kwa nyumba. Ametoa nambari ya simu ya binamu, na kodi ya kiwanja inalipwa kwa M-Pesa, fedha ndogo ambayo haimtajirishi mtu. Yeye haangalii kiasi. Anachokitaka ni ule ujumbe wa uthibitisho, wenye tarehe, saa na majina mawili, kwa sababu wakili wake amemwambia kwamba kila ujumbe ni ruhusa, na kila ruhusa inairudisha ile hesabu ya miaka 12 kwenye sifuri. Mpangaji naye ana wakili, au ana mtoto aliyesoma sheria. Kuna wanaoufuta ujumbe huo kwenye simu zao siku hiyo hiyo, na kusahau kwamba taarifa ya malipo ya M-Pesa huweza kuombwa na kuletwa kortini ikiwa imepigwa muhuri.